Ngano Ndani ya Bomba la Hewa

Saa tatu kasoro asubuhi, Zenovia Hladun amelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha kulia. Mkono wake wa kulia umezama mpaka begani ndani ya tundu lililo chini ya meza. Shavu limegusa mbao, macho ameyafumba, kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mfuko wa koti la mwenzake.

"Usinisimamie hivyo, Mama," anasema bila kufumbua macho. "Bado sijashika kitu."

Anayeambiwa ni Bi Paraskeva Romaniuk, mwenye umri wa miaka themanini na moja, mwenye nyumba. Mlangoni amesimama binti yake, Daria, aliyeendesha gari tangu alfajiri kutoka Regina, mji mkubwa wa hapa Kanada, na mpaka sasa hajavua koti. Nje, baridi ya Oktoba imekwisha kuangusha majani. Tanuri la chini ya nyumba, linalopasha vyumba moto, limeanza kuwashwa wiki hii.

Kila linapowaka, nyumba inatoa harufu, na Bi Paraskeva anakohoa.

Ilikuwa hivyo mwaka jana, na mwaka huu imezidi. Daktari wa mji huu mdogo, Kalyna, alimpima kifua mara mbili, akasema mapafu ni mazima, waiangalie nyumba. Kisha kampuni moja ambayo hakuna aliyeiita ilimpigia Daria simu, ikamtuma mtu wake. Mtu huyo alizunguka vyumbani, akapiga picha, akamtumia Daria na kumwambia kuna kuvu nyeusi darini na bila shaka imejaa ndani ya mabomba ya hewa. Alisema nyumba nzima inahitaji kupuliziwa dawa, na mzee asilale humo.

Jumatatu Daria anatakiwa kuwajibu wasimamizi wa makao ya wazee kule Regina. Chumba kimepatikana. Mama yake asipokichukua, kinakwenda kwa mwingine.

"Nyumba yangu mwenyewe inaniua," anasema Bi Paraskeva, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. "Ndivyo nilivyoambiwa. Miaka yote hii, na ilikuwa inanichekea."

Zenovia ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni kusafisha mabomba mapana ya bati yanayopita chini ya sakafu na kupeleka hewa ya moto katika kila chumba kupitia tundu la sakafuni. Hakuisomea. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka magoti ya kaka yake, Ostap, yalipogoma. Ostap ndiye aliyekuwa na lori na mashine kubwa ya kufyonza vumbi, na kazi hii, anasema Zenovia, inapigisha magoti kuliko kanisa.

Kwa nyumba moja anatoza kama dola mia nne. Mwezi mzuri hupata nyumba kumi, lakini katikati ya kipupwe simu hukaa kimya kwa wiki nzima. Karibu nusu ya anachopata humezwa na lori, mafuta na bima.

Angepata zaidi kama angemkubali kila anayemwita. Yupo jirani mmoja ambaye humwita kila vuli, kwa mazoea tu, kama watu wanavyokwenda kunyoa. Zenovia hufika, hufungua kifuniko cha tundu, hupitisha kidole, humwonyesha jirani hicho kidole. Kisha humwambia anunue chujio jipya la tanuri, na kama anataka kumlipa, basi ateleke kahawa.

Ostap humcheka. "Dada yangu akifungua duka la mikate," anasema, "atakuwa anawauliza wateja kama kweli wana njaa."

Zenovia hakasiriki. "Vumbi kidogo ndani ya bomba halimsumbui mtu, limejikalia," anasema. "Niite kama panya wameingia, au wadudu. Niite kama unaiona kuvu kwa macho yako, na hapo kwanza tafuta maji yanavuja wapi, maana usipoyaziba itarudi. Niite kama mafundi wamekata mbao na plasta humo ndani. Au ukiwasha tu, vumbi linakurukia usoni. Vinginevyo badilisha chujio, hizo hela kawanunulie watoto buti."

Kwa Bi Paraskeva alianza kama anavyoanza kila mahali: mashine aliiacha kwenye lori. Alishuka kwenye tanuri, akachomoa chujio, akalitazama kwenye mwanga. Lilikuwa safi. Bi Paraskeva hulibadilisha kwa wakati, kwa uaminifu uleule anaobadilishia maua ya kaburi la mumewe. Zenovia akapapasa mabomba kutafuta unyevu, asiupate. Halafu akapita chumba kwa chumba, akipiga magoti kwenye kila tundu na kunusa.

Jikoni hapakuwa na kitu. Chumbani kwa kulala, harufu kwa mbali. Kwenye chumba cha kulia, ambacho hutumika Krismasi na siku padri anapokuja, alinusa mara moja na kugeuza uso.

Daria aliuliza harufu imepitaje kwenye chujio safi.

"Chujio linakaa kabla ya tanuri," Zenovia alimweleza. "Linazuia kinachokwenda kwenye tanuri. Sasa kinachodondokea huku mbele, kwenye tundu la sakafuni, nani atakizuia? Tanuri linakipulizia chumbani kama kilivyo."

"Humo hakidondoki kitu," alisema Bi Paraskeva. "Mimi nafagia."

Zenovia hakubishana. Alisogeza viti, akafungua kifuniko cha vipande vya chuma vilivyoachana, akalala chini.

Sasa mkono unatoka. Anaukunjua juu ya gazeti. Ni punje za ngano, nyeusi, zimeshikana kama kashata. Ni nyasi kavu. Ni maganda magumu ya kokwa za jozi, yaliyogugunwa kingo. Anarudisha mkono na kutoa kiota cha panya, kimesukwa kwa nyasi na nyuzi za bluu za kudarizi. Panya mwenyewe hayumo, ila alama zake zimo, na harufu inapanda, wote wanaisikia.

Daria anasogea. Lakini anayetambua kwanza ni mama yake, ambaye anavuta kiti na kukaa.

"Ni mimi," anasema Bi Paraskeva.

Bega linamuuma Zenovia. Anajisukuma kutoka chini ya meza, anageuka chali ili apumzike kidogo, na ndipo anapoiona dari. Juu ya meza kuna madoa ya kahawia na meusi, makubwa kwa madogo, yametawanyika bila mpangilio. Anayatazama kwa muda. Anaitazama ngano kwenye gazeti.

"Mama," anauliza, "Mzee alikuwa anarushia hapa?"

Kwa Waukraine wa sehemu hizi, chakula cha kwanza cha mkesha wa Krismasi ni kutya, ngano iliyochemshwa ikachanganywa na asali. Mkubwa wa nyumba huchota kijiko kimoja na kukirusha darini, na punje zikinata, mwaka utakuwa wa heri. Chini ya meza hutandazwa nyasi kavu, na jozi hutupwa kwenye pembe za chumba, watoto wakazigombania. Siku hizo hafagii mtu, asije akafagia baraka.

Kwa hiyo kila kisichonata juu kilirudi chini. Miguu ya wageni ilikikanyaga sikukuu nzima, na tundu la hewa lilikuwa palepale, chini ya meza na chini ya nyasi, likipokea. Bi Paraskeva alifagia kweli. Alifagia kilichobaki.

"Hryhorii alikuwa hakosei," anasema kuhusu mumewe, aliyefariki miaka michache iliyopita. "Dari hii alikataa isipakwe rangi. Alisema, nani anapaka rangi juu ya bahati yake?"

Daria ametoa simu. Anaitafuta ile picha aliyotumiwa, iliyopigwa kwa karibu sana, madoa meusi yamejaa kioo kizima. Anainyanyua simu juu, kando ya dari, anatazama picha, anatazama dari.

"Hii ndiyo kuvu?"

Zenovia anapanda kwenye kiti na kukwangua doa moja kwa ukucha. Ni kavu, gumu kama sukari iliyoungua. Ganda la ngano linadondoka kwenye kitambaa cha meza.

"Nimekulia chini ya dari hii," anasema Daria. "Nimekulia hapahapa." Halafu anaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa tayari kulia kwa muda mrefu akakosa nafasi, na katikati ya kicheko hicho anavua koti.

Alipoulizwa baadaye kuhusu mtu wa ile kampuni, Zenovia hakutaka kumsema vibaya. "Labda hajawahi kula kutya," alisema. "Kwake lile ni doa. Ila angepanda kiti."

Aliyeona aibu ni Bi Paraskeva. Alikuwa hana wasiwasi na kuvu tena. Wasiwasi wake ulikuwa kanisani wakisikia ana panya. Zenovia alimwambia kwamba kwao pia tundu lilikuwa chini ya meza, na siku lilipofunguliwa mama yake aliwasingizia watoto, akashikilia hivyo mpaka anakufa. Bi Paraskeva alikubali habari hii iandikwe kwa sharti moja: iandikwe pia kwamba jikoni kwake kulikutwa safi. Kulikutwa safi.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi yote. Bomba nene la mashine lilipitishwa kwenye dirisha la chini na kufungwa kwenye bomba kuu karibu na tanuri. Matundu yote yalizibwa isipokuwa moja moja kwa zamu, na Zenovia, amevaa barakoa, akaingiza brashi yenye upepo mkali kutoka kila tundu, akisukuma taka kuelekea kwenye mashine. Palipokuwa na kiota alifuta kwa mkono. Alikuta ufa pale bomba linapotokea ukutani, panya alikopitia, akaujaza nyuzi za chuma na kuuziba. Dawa ya kupulizia hakutumia. Alisema hapakuwa na cha kuua.

Saa saba mchana aliwasha tanuri. Walikaa jikoni na sahani ya perohy, vile visambusa vya viazi, vilivyokaangwa na vitunguu. Hakuna aliyekula kwa haraka. Hewa ilianza kuvuma kwenye matundu. Daria alinyanyuka, akaenda kupiga magoti pale chumba cha kulia, akarudi.

"Inanuka bati," alisema.

"Bati ni lazima," alisema Zenovia. "Kesho haitanuka kitu."

Bi Paraskeva alikuwa bado hajakohoa, na wote watatu walijua, na hakuna aliyethubutu kulisema. Zenovia ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia wasiamue chochote siku hiyo. Yeye si daktari, anajua mabomba tu. Wangoje wiki tanuri likiwaka usiku na mchana, halafu kifua ndicho kitakachosema. Daria alitoka barazani akapiga simu Regina na kuomba siku saba.

Siku ya nane Bi Paraskeva alipokea simu ya mwandishi huyu kabla haijalia mara ya pili. Alisema anakohoa mara moja asubuhi, akiamka. "Hicho ni kikohozi cha uzee," alisema. "Hicho ni changu, hakuna wa kuninyang'anya." Daktari amemsikiliza tena na kuridhika. Chumba cha Regina kimekwenda kwa mwingine.

"Nilikuwa nimeshafunga masanduku yake kichwani," anasema Daria. "Kila usiku nafunga, naona hili halitatosha, naanza upya. Yeye hajui. Sasa nalala."

Zenovia hana mpango wa kununua lori la pili. Mpango wake wa kipupwe hiki ni mdogo zaidi. Anakata mbao nyembamba, kila moja kwa kipimo cha tundu la sakafuni, na pembeni anaipiga msasa ili isichane kitambaa. Mwenye nyumba ataifunika juu ya tundu kabla ya kutandaza nyasi, na sikukuu ikiisha ataiondoa. Anazigawa bure kwa kila nyumba ya Kalyna ambayo meza yake imekaa mahali hapo, nazo ni nyingi.

"Anajifungia duka mwenyewe," anasema Ostap, ambaye ndiye anayezipiga msasa.

Ubao wa Bi Paraskeva umekwisha kukatwa. Zenovia alitaka kuupeleka wiki hii, akakataliwa. Tangu wazazi wa Zenovia wafariki, mkesha wa Krismasi huukalia peke yake na supu ya kopo, na kwa namna fulani habari hizo zilimfikia Bi Paraskeva. Ameagizwa aulete ubao siku yenyewe, jioni, nyota ya kwanza ikionekana, na aje na njaa. Daria naye atakuwepo.

Bi Paraskeva alikuwa na swali moja tu, kama mtu wa mabomba anaona ubaya akirusha kutya. Zenovia alimjibu kwamba yeye anashughulika na sakafu. Dari si yake.

"Basi mkubwa wa nyumba sasa ni mimi," anasema Bi Paraskeva. "Nitarusha mwenyewe. Mkono umedhoofika, lakini dari haijapanda."