Kinu cha Mama Mjini Vientiane

Saa sita na nusu mchana, mji mkuu wa Laos ulikuwa unalala. Sisemi ulikuwa umetulia. Nasema ulikuwa unalala, mdomo wazi. Harufu ya wali wa kunata uliopikwa kwa mvuke katika vikapu vya mianzi ilikuwa bado imening'inia vibarazani, imechanganyika na harufu ya samaki wa kuchoma na ya vumbi jekundu, vumbi ambalo ukifumba macho ungeapa uko kwetu Inyonga. Wenye maduka walivuta milango nusu wakajilaza kwenye mikeka nyuma ya meza zao. Madereva wa bajaji walijinyoosha kwenye viti vya nyuma, miguu nje. Hata mbwa wa Vientiane, ambao alfajiri walikuwa na maneno mengi, saa hiyo walikuwa wamejimwaga kivulini kama magunia matupu. Na katikati ya usingizi huo wa taifa zima, kutoka uani kwetu, ilisikika sauti moja tu: du, du, du. Huyo alikuwa mama yangu, akitwanga mahindi.

Baba alikuwa bwana nyuki. Alikuwa amewafundisha watu wa Ugalla kurina asali bila kuteketeza nyuki kwa moto, na kwa sababu ambazo hadi leo hazijaniingia vizuri kichwani, mradi mmoja uliona ujuzi huo unahitajika upande wa pili wa dunia kwa msimu mmoja wa kiangazi. Tukaenda sote watatu, mimi nikiwa na miaka kumi na maoni mengi kupita kiasi. Nilikuwa nimewatambia wenzangu wa darasa la nne kwamba nakwenda kuishi mji mkuu, nikitarajia magorofa na taa za rangi. Nikakuta mji ambao kelele zake zote za siku nzima zingeenea katika stesheni ya Mpanda asubuhi moja ya treni, na nafasi ikabaki. Alfajiri watawa waliovaa mashuka ya rangi ya chungwa walipita peku kwa mstari, na wanawake waliopiga magoti kando ya njia wakamtilia kila mmoja donge la wali, bila mtu kufungua kinywa. Wauza mikate mirefu walipita kwa baiskeli nao hawakunadi. Waliamini tu kwamba ukitaka mkate utatoka. Jioni watu walikaa ukingoni mwa mto Mekong wakitazama nchi ya jirani ng'ambo, kana kwamba ni sinema. Ukimkanyaga mtu mguu, alitabasamu. Ukimmwagia mchuzi, alitabasamu na kusema “bo pen nyang”, yaani si kitu. Kwa wiki mbili niliona huo ni ustaarabu. Wiki ya tatu nikaanza kutamani mtu mmoja, hata mtoto mwenzangu, anitukane ili nijue nimesimama wapi.

Mama alivumilia wali wa kunata siku tisa. Siku ya kumi alitangaza kwamba tumbo lake si la kufinyangiwa madonge, akaenda sokoni akarudi na mahindi makavu ambayo, kama tulivyokuja kujua, yaliuzwa kwa ajili ya kuku. Kinu alikipata kwa mzee mmoja wa mtaani ambaye familia yake ilikuwa imeacha kutwanga mpunga tangu mashine zilipofika. Asubuhi ilikuwa ya soko na kufua, baba alirudi kula saa nane, kwa hiyo kutwanga kukaangukia saa sita. Mwacha asili ni mtumwa, alisema, akaanza. Lakini halikuwa suala la tumbo tu. Kwetu Inyonga, nyumba isiyosikika mchi mpaka mchana huulizwa hali: kuna mgonjwa, au kuna njaa? Kwa kila pigo mama alikuwa akiwaambia majirani, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, kwamba sisi ni wazima na karibuni. Majirani hawakukaribia. Wauzaji sokoni walimgusa nywele, wakacheka kwa upole, wakaishia hapo. Niliwahi kumkuta uani anafua shati la baba ambalo tayari lilikuwa safi, machozi yanamtoka, akaniambia ni sabuni.

Ndipo alipotokea Mama Noi. Jina lake hatukulijua. Mama alimwita hivyo kwa sababu alikuwa na binti wa umri wangu aitwaye Noi, na kwa mama huo ulikuwa utambulisho tosha kwa mwanamke yeyote duniani. Nyumba yao ilitazamana na uani kwetu. Mchana mmoja, mchi ukiwa hewani, Mama Noi alifika kwenye uzio na bakuli la papai lililokatwa vizuri, akainamisha kichwa, akatabasamu, akaondoka. Mama aliweka mchi chini akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ameipenda sauti ya kinu, alisema. Sasa, kwa watu wetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kwa hiyo kesho yake mama alitwanga zaidi, akasonga ugali, akaujaza katika lile bakuli, na mimi nikapewa kazi ya kuupeleka. Keshokutwa Mama Noi akaleta ndizi. Mama akatwanga mara mbili. Ikaja embe mbichi na chumvi ya pilipili. Mama akatwanga mpaka kuta za chumba changu zikatikisika. Nilikuwa navuka njia ile ya vumbi la moto kila siku, nikivua viatu mlangoni, nikiinama, nikikabidhi ugali wa mahindi ya kuku kwa watu ambao sikuwahi kuwaona wakiula. Katika barua kwa dada yake, mama alinisomea kwa fahari mstari mmoja: nimepata jirani.

Aliyenitoa tongotongo ni Noi. Kufikia hapo nilikuwa nimeokota Kilao cha kuchezea, na siku moja tukiruka kamba aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini mama yangu hapendi papai. Nikasema analipenda sana. Noi akashangaa. Bibi yangu, alisema, usiku miguu inamuuma halali. Analala mchana tu. Mama anampelekea mama yako matunda ili apumzike saa hiyo. Lakini kila akipeleka, mama yako anatwanga zaidi. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika na kila mtu kwa zamu: na Mama Noi, ambaye angeweza kunyoosha mkono na kuonyesha sikio, ingetosha, na mama, ambaye alisikia kila kitu ila alichoambiwa, na mimi mwenyewe, mchukuzi wa bakuli. Nikimwambia, atapoteza jirani yake wa pekee. Nisipomwambia, yule bibi halali. Nikachagua njia ya wasomi, yaani nikaahirisha. Siku nne baadaye nilipeleka ugali nikamkuta Mama Noi amepiga magoti kando ya mkeka, amemfunika yule bibi masikio kwa viganja vyake viwili, huku du, du, du ikiingia kwa dirisha. Aliponiona, akaviondoa haraka. Akatabasamu.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Alifunika chungu, akajifuta mikono. Kisha hasira ikampanda, na haikuwa ya aibu niliyoitarajia.

“Wiki tatu ananilisha ndizi badala ya kuniambia? Nyie watu wa huku mkoje?” alisema, kana kwamba na mimi nilikuwa nimehamia upande ule. “Twende, Skola. Unitafsirie.”

Tukawakuta wamekaa wanachambua mboga, na bibi yupo kwenye mkeka wake. Mama aliomba msamaha kwa kirefu, kama inavyopasa, mikono kifuani. Nikaufupisha kwa Kilao. Mama Noi akashtuka, akasema hapana, hakuna kelele yoyote, aendelee tu, si kitu. Nikatafsiri. Mama akakataa: mwambie najua. Mama Noi akasema sauti ya kinu ni nzuri. Mama akasema mwambie aache kunidanganya. Tukaenda hivyo raundi tano, mimi katikati nikilowa jasho. Mmoja hakuweza kutulia mpaka agombezwe, na mwingine angekubali kuzikwa kabla ya kugombeza.

“Mwambie anitukane,” mama alisema mwishowe. “Mtu akinitukana nitajua tumeelewana. Huyu akinichekea tu, nitajuaje kama bado ananitaka?”

Nikamgeukia Mama Noi nikamwomba atamke neno lolote. Alinitazama, akamtazama mama, akasema taratibu kwamba ugali ulikuwa mtamu. Nami nikaugeukia uso wa mama uliokuwa unasubiri, na uvumilivu wangu wote ukakatika.

“Anasema mkono wako mzito kama wa mpasua magogo,” nilisema. “Anasema huna adabu ya mchana. Anasema ukirudia saa sita atakuja kukitupa kinu mtoni, ila twanga alfajiri, na uje kumwona bibi jioni.”

Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. “Haya,” alisema, “huyo sasa ni jirani.” Akamshika Mama Noi mikono yote miwili akaitikisa. Tangu siku hiyo mchi wetu uliamka na watawa. Bibi akalala mchana wake, na mama kila jioni alikwenda kukaa miguuni pake, akiikanda kwa mafuta, akimsimulia habari za Inyonga kwa Kikonongo, lugha yetu, mpaka msimu ulipokwisha tukarudi.

Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama wakati ule, na shahada mbili, moja ya tafsiri, fani ambayo sijawahi kumweleza mtu niliianzaje. Mama anaishi Ilembo, hapo Mpanda, karibu na kijana mwenye spika kubwa kuliko nyumba yake. Mpanda imekuwa manispaa, pikipiki zinaanza kunguruma kabla ya jogoo, na hakuna jirani anayemwambia mwenzake jambo usoni. Tunalalamika kwenye kundi la simu la mtaa, bila kutaja jina, tukiweka vikatuni vya nyuso zinazolia. Ni adabu ya Vientiane bila ndizi. Kila akichoshwa na spika, mama humsimulia yeyote aliyepo habari za mwanamke wa Laos aliyemwambia ukweli kavu kavu, na kwamba hapo ndipo palipo na urafiki. Ameisimulia kanisani. Ameisimulia kwa mtendaji wa kata. Sikukuu iliyopita, tukiwa tunachambua maharage, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia maneno yale niliyatunga mimi, yote.

Hakuinua macho kwenye ungo. Akasema nilikuwa mtoto, nilikuwa nasikiliza midomo. Yeye alimtazama yule mwanamke machoni na kila neno lilikuwemo. Nikabisha. Nikaeleza, kwa utaalamu, tofauti ya kutafsiri na kutunga. Aliniacha nimalize.

“Skola,” alisema, “unataka kuninyang'anya jirani yangu uzee huu?”

Nikasema hapana, mama. Akanisogezea rundo lake la maharage, lile lenye mawe zaidi.