Chupa Moja kwa Macho ya Safu Nzima

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, tulikuwa na msimu wetu ambao hakuna mwalimu aliyeutaja darasani: msimu wa macho mekundu. Ulikuja kabla ya mvua, wakati upepo ukipeperusha vumbi hadi ndani ya sufuria ya maharage. Tulicheza mpira wa mifuko ya plastiki mpaka giza, tukajifuta jasho kwa mikono ileile, na asubuhi tukaamka kope zimegandana. Mama alizibandua kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, huku akiligombeza vumbi kana kwamba lina masikio.

Halafu ilikuja chupa. Mtu mmoja katika safu yetu ya nyumba akipewa dawa ya macho kliniki, hiyo ilikuwa dawa ya safu nzima. Chumvi iliombwa, makaa ya moto yaliombwa, na dawa ya macho vilevile. Aliyenyima alisemwa mpaka kanisani. Mara nyingi ilitoka kwa Mama Neema, jirani yetu Mrundi, aliyeileta mwenyewe kabla hujaomba. Tulilazwa kwenye mkeka, watoto wake na sisi, nyuso juu.

"Fungula macho!" Mama alifoka. "Ukifumba, dawa itanywesha shavu!"

Matone hayakuhesabiwa. Ncha ya chupa iligusa kope za huyu, ikahamia kwa yule, na mwisho Mama akajitilia na yeye ili isipotee bure. Kufikia Jumapili safu nzima ilikuwa na macho mekundu, na sote tukalilaumu vumbi.

Kilichonisumbua mimi ni ule uchungu. Dawa inaingia jichoni, ladha inatokea kooni. Inapitia wapi? Kaka yangu alisema jicho na mdomo ni majirani, wanaombana chumvi. Nilichungulia kinywa changu kwa kipande cha kioo nikitafuta tundu, nisilione. Nilimuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili. Akaniambia niache maswali, nifumbe macho tusali.

Jibu nimelipata juzijuzi tu, kichwa kimeshaota mvi, na sikulipata kwa raha. Mama, ambaye bado anaishi Dzaleka na kushona nguo, alianza kugonga mabega milangoni. Nikamleta Lilongwe, ninakofanya kazi kwenye ghala huko Kanengo. Daktari akasema ni presha ya macho: uoni uliopotea haurudi, uliobaki utalindwa na matone ya kila siku, maisha yote. Niliogopa sana. Na tuliporudi kupimwa tena, presha haikuwa imeshuka, na dawa ilikuwa imeisha kabla ya wakati wake.

Nesi akamwomba Mama aonyeshe anavyojitilia. Mama akarudisha kichwa nyuma, akamimina kama mtu anayemwagilia mchicha, akapepesa haraka haraka, akajifuta kwa kitenge. Nesi akauliza kwa Kichewa, nami nikatafsiri: mbona chupa inaisha mapema?

"Mama Neema naye macho inamuwasha," Mama akajibu. "Nitamunyima namna gani? Ni jirani."

Nesi hakucheka. Alimwambia anawe mikono kwanza, kisha avute kope ya chini kidogo, atie tone moja, ncha isiguse popote, afumbe taratibu, na abonyeze kidole kwenye kona ya jicho, pembeni mwa pua, kwa dakika moja au mbili. Hapo, akasema, pana mfereji mwembamba unaoshuka puani mpaka kooni. Pamoja na hofu yangu yote, nilitaka kumkumbatia! Kisha, nami nikiendelea kutafsiri, akamwambia kwamba jicho la jirani lina ugonjwa wake na dawa yake, na hii ya presha ingeweza kumdhuru Mama Neema.

"Zikomo," Mama alimshukuru kwa Kichewa, kwa sauti ndogo.

Vijana wa leo macho yakiwawasha wanaiuliza simu, ileile waliyoikodolea usiku kucha. Binti yangu anajitilia peke yake chumbani, tone moja, safi, anafunga kifuniko. Hapa Mtandire, mtaa wetu wa Lilongwe, hakuna jirani aliyewahi kuja kumwomba, wala yeye hajawahi kufikiria kumpelekea mtu.

Wiki iliyopita Mama alinipigia simu. Presha imeshuka, na uzi anautunga sindanoni mwenyewe. Nikafurahi kwa sauti. Ndipo akanieleza kwamba Mama Neema alikuja kuomba dawa, naye Mama akamwambia hapana, akamsindikiza kliniki akatafute yake.

"Nilimunyima, mutoto wangu," akasema. "Mara ya kwanza tangu tufike huku. Chakula ya mangaribi ikanishinda."

Enzi zetu tuliugua pamoja na hakuna aliyelala na aibu ya kunyima. Sasa mama yangu anaona, namshukuru Mungu, na kunyima nimemfundisha mimi.