Sauti ya mume wangu ilipofunguka bila plugini

Dada huyu ametuandikia kutoka Lubumbashi na ameomba tumfiche. Majina yote tumeyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nina binti mmoja. Ninakaa Naviundu, ninashona nguo nyumbani. Mume wangu, tumwite Dieudonné, alikuwa fundi wa kurekodi muziki. Chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa studio yake: magodoro ya zamani ukutani, maikrofoni, na kompyuta aliyoipenda mpaka nikawa naionea wivu.

Mwaka jana alianza kuvimba miguu. Nikimuuliza anacheka: "Ni uchovu tu, mama Grâce. Docteur amesema minapona." Nilimwamini, maana alikuwa anarekodi wimbo wake mwenyewe, wa kumshukuru mama yake aliyemlea kwa jembe kule Lukafu. Alikuwa akitusikilizisha vipande: gitaa tamu, kinanda, na sauti safi yenye nguvu. Mgonjwa gani anaimba hivyo? Asubuhi moja akaanguka mlangoni. Hospitali wakasema mafigo yamekwisha. Hakurudi nyumbani.

Kwenye kilio maneno yakaanza. "Muke gani analala na mugonjwa bila kuona? Alimuachilia bwana yake akufe." Mama mkwe, aliyekuwa akiniita mwanangu, aligeuza uso nilipompelekea chakula. Kaka mkubwa wa mume wangu, tumwite yaya Fernand, anayekaa mtaa wa Golf, alikuwa ameketi pale pale, akisikia yote. Hakusema kitu. Baada ya mazishi akachukua kompyuta, akisema ni kitu cha familia. Nilipokwenda kuiomba, ilikuwa imeshafutwa kila kitu ili watoto wake waisomee.

Nilibaki na diski ndogo tu ambamo mume wangu alikuwa akihifadhi kazi zake. Sasa familia imepanga Jumamosi hii iwe siku ya kumaliza kilio, na mama mkwe ametuma neno kwamba anataka kusikia wimbo wa mwanawe. Nikaipeleka diski kwa papa Serge, fundi mwenzake mume wangu.

Aliichomeka, akafungua wimbo. Kimya. Gitaa hakuna, kinanda hakuna. Mashine ikaandika tu kwamba plugini hazionekani.

"Mama, bwana yako alikuwa anatumika na programu kama yangu, lakini kompyuta ya aina ingine," papa Serge akanieleza polepole. "Plugini njo bile bintu bidogo banaingizaka mu programu. Kimoja kinapiga gitaa, kingine kinanda, kingine kinapamba sauti. Bya kwake biko format ya AU. Mashine yangu inasoma VST tu. Habisikilizane."

"Sasa wimbo umepotea?"

"Sauti yake haikupotea. Sauti iko faili tu, kila programu inaisoma. Lakini itatoka uchi, bila kupambwa."

Akaicheza. Ndugu zangu, kidogo nisimtambue. Sauti ilikuwa inatetemeka. Kati ya mstari na mstari alikuwa anahema kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Papa Serge akasema zamani kulikuwa na plugini iliyoziba maikrofoni kila mume wangu anaponyamaza, ndiyo maana hatukuwahi kusikia zile pumzi. Nilimwomba asizime. Katikati ya wimbo, humo humo kwenye rekodi, simu ya mume wangu ikalia, naye akaipokea huku maikrofoni bado inarekodi.

"Allô, yaya Fernand... Nimefika muzuri. Aksanti juu ya kunipeleka kwa docteur... Hapana, usimuambie muke wangu. Atalia kila siku, mutoto ataona. Na mama naye, hapana. Mafigo imekwisha, yaya, tutafanya nini? Uniapie."

Kisha akalia. Kilio cha mtu anayejiziba mdomo kwa mkono. Na nyuma ya kilio chake, ng'ambo ya ukuta, nikasikia cherehani yangu ikienda. Nilikuwa pale! Nilikuwa ninashona, labda hata naimba, na mume wangu analia peke yake hatua chache kutoka kwangu. Halafu akakohoa, akaanza mstari upya.

Nilikwenda Golf, nikamwambia yaya Fernand nilichosikia. Alivuta kiti, akakaa.

"Aliniapisha," akasema. "Bantu bakakusema vibaya, nikaona haya. Nikifungua mudomo, mama ataniuliza: weye ulijua, ulifanya nini? Minakuomba, Serge atafute plugini ingine, afunge ile fasi ya simu. Mama ni muzee. Akisikia mutoto wake analia vile, tutamuzika naye."

"Na miye, yaya? Miye nibakie ule muke aliyeua bwana yake?"

Alilia, na mimi nikalia naye, ingawa nilikuwa nimekwenda kumtukana.

Papa Serge anasema anaweza kutafuta plugini zinazofanana, akajenga upya gitaa na kinanda, akaziba tena zile pumzi na kuikata ile simu. Anasubiri neno langu. Nikikubali, mama atapata wimbo kama mwanawe alivyotaka ausikie, lakini binti yangu atakua akiambiwa kwamba mama yake hakumtunza baba yake. Wameshaanza kumwambia. Nikikataa, nitasafisha jina langu kwa machozi ambayo mume wangu alijitahidi kuyaficha. Tena nina hasira naye, Mungu anisamehe. Ningemshika mkono. Kwa nini hakuniacha nimshike mkono?

Ninyi wajane wenzangu, nanyi wamama mliozika watoto, nipeni shauri bila kunicheka. Jumamosi watu watakaa uani kwetu, mama mkwe mbele kabisa, akingoja kumsikia mwanawe. Nimwambie papa Serge afunge, au aache wazi?