Siku Kaka Alipowanyamazisha Wakwe

Siku ya kwenda Bwera kumposea kaka yangu sikuweza hata kunywa chai. Tulipanda pikapu ya kukodi hapo kwetu Rukoki, mbuzi miguuni, akina mama wakiimba, na mimi nikiimba kuliko wote. Labda nilizidisha. Lakini kaka alikuwa amecheka asubuhi ile, na siku hizo kicheko chake kilikuwa adimu.

Kaka alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji mgodini. Mwamba ukianguka, wao hugonga bomba la hewa kwa nyundo, kisha kila mtu hunyamaza, hata kukohoa marufuku, wasikilize kama aliyefukiwa anajibu. Mara ya mwisho walijibiwa. Wakachimba wakiufuata mlio ule, nao ukakatika kabla hawajafika. Simlaumu mtu, wote walichimba mpaka kucha zikang'oka. Ila tangu hapo kaka akisikia kitu kinagonga, hayupo nasi tena.

Kwa wakwe tulikaribishwa ndani. Baba wa binti, mchuuzi wa kahawa aliyehamia kutoka upande wa Beni, kule Kongo, alikuwa mcheshi kweli.

"Muko wengi hivi! Mumekuja kuoa ao kuhamia?"

"Chakula kikiwa kitamu, tunahamia!" akajibu mjomba, msemaji wetu. Tukaangua kicheko.

Ndipo wanawake wakaanza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, nyuma ya ukuta. Du. Du. Du.

Kaka akasimama, mkono juu. "Kimya! Acheni kila kitu! Kuna mtu!"

Akaruka meza, akabandika sikio ukutani, akagonga kwa ngumi, akangoja. Nyumba nzima ikanyamaza. Michi nayo ikanyamaza, na hiyo ndiyo iliyommaliza: akateleza mpaka sakafuni, anatetemeka.

"Huyu iko na nini?" mzee akauliza. Ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Malaria, mkwe," mjomba akasema upesi. Alidanganya kwa mapenzi, najua.

Mzee hakumtazama. "Wewe dada yake, sema. Mutoto yangu hataenda kwa mwenda wazimu."

Nikaeleza yote: bomba, mlio, na jinsi ulivyokatika. "Kama ni wazimu sijui, baba. Nimesoma mpaka la nne tu. Ila hajampiga mtu hata siku moja, wala hajatukana."

Mara pazia la chumba likatikisika. Binti, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusikika siku ile, akasema:

"Papa, hiyo nilijua. Alinielezaka yeye mwenyewe."

"Yoo!" wakashangaa mashangazi zake.

"Alikuelezaka, na bado unamutaka?" mzee akamuuliza.

"Namutaka."

Mzee akakuna kidevu. Kisha akamgeukia mjomba: "Basi kijana hakudanganya. Wewe ndiye ulinidanganya ndani ya nyumba yangu! Faini: mbuzi mumoja zaidi!"

Mjomba, mbishi kuliko watu wote ninaowajua, akakubali papo hapo.

Mzee akashuka kitini, akaketi sakafuni karibu na kaka, akaagiza vinywaji. Hakumwambia ainuke. Tulikula jioni sana, sombe ikiwa imetwangwa kwa jirani wa mbali, na binti akawa wetu.