Faili la Karani

Nina hasira za karibu, na asubuhi ile karani wa kituo cha majani chai aliniudhi. Nilikuwa nimekuja kumwekea printa, naye akawa anauliza kila nikibonyeza, "Dada, hapo unafanya nini?" Ili nimalize haraka, niliingia kwa akaunti ya msimamizi, ile isiyozuiwa na chochote, nikafungulia humo humo mafaili yake. Printa ikafanya kazi. Sikumngoja hata ajaribu kuingia kwa jina lake. Nilirudi zangu Chepseon.

Saa nane mchana wakanipigia simu kutoka kituoni. "Kuja mbio, wanaua yeye!"

Pale kituoni majani hayapimwi mpaka kompyuta ifunguke. Magunia yalikuwa juani tangu saa tano, yameshaanza kupata moto ndani, na majani yakiungua lori la kiwanda linayakataa. Wakulima walijazana dirishani wakimtazama karani. Aliandika neno la siri, mashine ikalikubali, kioo kikawa cheusi, kisha ikamrudisha pale pale pa kuandika neno la siri. Haikusema amekosea. Alijaribu mara kumi.

"Mashini imekupali, sisi tumeona!" walikuwa wakipiga kelele nilipofika. "Anafunga tena makusudi! Anangojea majani ya watu wao!"

Watu wao ni wa ng'ambo ya vilima, alikotoka babake kuja kuchuma chai. Yeye alizaliwa hapa hapa.

Nilimkuta sakafuni. Mzee mmoja alikuwa amemvunja meno mawili kwa rungu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda vibaya. Nilivua helmeti ya bodaboda nikamtandika nayo yule mzee sikioni. Akaangukia magunia, damu ikamtiririka shingoni.

"Mtaua mtu kwa sababu ya kompyuta? Mbwa nyinyi!"

Nakiri nilisikia raha. Ningemwongeza la pili kama hawangenishika.

Waliponiachia niliketi kwenye mashine, nikaingia kwa njia ya mafundi, nikaorodhesha mafaili ya karani. Kila mstari unaonyesha mwenye faili. Yote yalikuwa yake, isipokuwa moja dogo, lile ambalo kompyuta lazima iliandike upya kila anapoingia. Hilo lilikuwa la msimamizi, kwa hiyo akiingia kwa jina lake ilishindwa kuliandika ikamtoa, na saa iliyoandikwa kando yake ni ya asubuhi, nilipokuwa nimekalia kiti hicho hicho. Niliandika amri moja, mstari mmoja tu, faili likarudi kwa mwenyewe.

Neno la siri alilijua karani peke yake. Wakamwinua, akaliandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, damu ikidondokea vitufe. Kompyuta ikafunguka. Waliompiga wakachukua magunia yao wakapanga foleni, na yule mzee akiwemo, rungu kwapani.

"Ilikuwa nini, dada?" karani akaniuliza. Foleni nzima ikageuka kunisikiliza.

Nililitazama lile rungu.

"Stima," nikasema. "Ilipotea kidogo, ikaharibu."

"Si niliwaambia sio mimi?" Akanishika mkono. "Mungu akubariki, dada. Umeniokoa."

Kisha akamgeukia mzee aliyemvunja meno, akamwomba anisamehe kwa lile pigo la helmeti.