Washenzi wa Ihembe

Mama alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, na aliyatunza kama vyombo vya wageni. Kinyambo, lugha ya kwetu, alikisema tangu alfajiri. Kiswahili alikitoa pale tu alipoingia mtu aliyevaa viatu. Yote alifundishwa na baba, aliyekuwa tarishi wa ofisi ya serikali Bukoba kabla ya kurudi Ihembe kulima migomba na kahawa. Baba alifariki nikiwa bado chuo cha ualimu.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa nikifundisha shule ya wasichana karibu na Nkwenda. Likizo moja nilimleta nyumbani mwalimu mwenzangu, Mhaya wa Muleba, binti wa familia ya Kilutheri. Mama akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akapiga goti, akasema kwa furaha, "Karibu, mwalimu. Sisi ndio washenzi wa Ihembe."

Mgeni akanitazama. Akachukua punje zake, akasema, "Asante, mama," akaanza kutafuna macho yakiwa chini. Uso uliniwaka. Njiani tukirudi nilimweleza mwenzangu kwamba zamani neno lile halikuwa tusi, lilimaanisha mtu wa shamba tu. Nililitunga hilo papo hapo.

"Labda," akasema kwa upole.

"Labda" ile ndiyo iliyonipeleka dukani Nkwenda. Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani, na nyuma ya mapipa ya mafuta ya taa aliweka marundo ya magazeti ya zamani, ya serikali na ya misheni, ya kufungia sukari na chumvi. Aliniruhusu niyasome kabla hajayachana. Jumamosi baada ya masomo nilikaa juu ya gunia nikitafuta neno moja.

Nilianza na yale ya kale zaidi, yaliyokwisha kuwa na rangi ya chai. Humo mshenzi alikuwa mtu asiye na dini ya kitabu, na waandishi walilitaja bila hasira, kama walivyotaja nzige. Nikapata matumaini. Katika yaliyofuata mshenzi akawa mtu anayevaa ngozi, halafu mtu mchafu, halafu mtu wa kutema mate barabarani. Katika moja la juzijuzi nilikuta tangazo kuhusu kuua mbwa wa kishenzi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba barua nyingi hazikuandikwa na Wazungu. Ziliandikwa na makarani, matarishi na walimu, watu wetu, wakivisema vijiji walikozaliwa.

Nilimwonyesha mwenye duka gazeti lile la mbwa. "Baba yangu aliwaita hivyo watu wote wa huku," akasema. "Hata mama yangu, aliyemwoa hapahapa. Sisi watoto tulicheka." Alilichukua lile gazeti, akalikunja, akaliweka chini ya meza badala ya kulirudisha kwenye rundo.

Likizo iliyofuata nilimweleza mama maana ya neno lile, kwa Kinyambo, jikoni, akimenya ndizi. Niliona ni wajibu wangu. Alinisikiliza bila kuacha kisu.

"Nilimwuliza baba yako watu wa udongo huu wanaitwaje kwa Kiswahili," akasema. "Akanifundisha hilo. Rafiki zake wa ofisini walipokuja, aliniita niwakaribishe, nami nikasema. Kumbe ndiyo maana walikuwa wakicheka. Nilidhani wamefurahi."

Nikasema huenda baba alikuwa anatania.

"Alitania," mama akakubali, akainama kuokota maganda.

Tangu siku ile hakusema tena Kiswahili. Hata shikamoo za watoto wa jirani aliziitikia kwa kichwa. Mwenzangu wa Muleba alipokuja tena, mama alimkaribisha kwa Kinyambo, kwa sauti ndogo. Mgeni akamjibu kwa Kihaya, wakaelewana bila taabu, kama ambavyo wangeelewana safari ya kwanza, lau sisi wasomi wawili tusingeona haya kusema lugha za nyumbani kila mmoja mbele ya mwenzake. Walizungumza mchana kutwa, habari za uzazi na mvua na kukausha kahawa.

Nilipokuwa nikimsindikiza, mwenzangu aliniuliza kwa nini mama ameacha Kiswahili chake.

"Uzee," nikamjibu. Sikuweza kumtaja baba.