Jina la Mdogo Wake Vénérande

Vénérande alikuwa mpiga chapa wa parokia yetu hapa Mpanda, nami nilikuwa nashona kanzu za watumishi wa altare chumba cha pili. Kati yetu ulikuwepo ukuta wa tofali mbichi na mlango usiofungika. Alichosema nilikisikia, na nilichoimba alikisikia. Nikikosea wimbo ananirekebisha kutoka kule kule alikokaa: "Mama Romana, hapo umepanda mno. Shuka kidogo, utatupasulia dirisha."

Alikuja nchi hii mwaka sabini na mbili akiwa mtoto wa kama miaka minane, ameshika upindo wa nguo ya mama yake, Candide. Baba yake aliachwa kwao Burundi, na mpaka leo hajulikani alilala wapi. Walipewa shamba makazi ya wakimbizi ya Katumba, wakafyeka msitu kwa mapanga, wakalima mihogo na mahindi kama wenzao. Masista wakamwona mtoto ana akili, wakamfundisha mashine ya chapa. Padri Melkiadi alipoletewa kompyuta na rafiki zake wa ng'ambo, Vénérande ndiye aliyekalishwa mbele yake. Hakuolewa. Mwanamke mwenye haya, mwenye kusali, asiyependa kula sahani ya mwenzake. Kila Jumamosi jenereta likizimwa mchana alipanda baiskeli kwenda Katumba kumwangalia mama, na Jumatatu asubuhi alirudi na ndizi zimefungwa nyuma.

Mwaka tisini na saba mama Candide alianza kuumwa kifua. Mtu akiuona mwisho wake hufungua kinywa, na yeye akaanza kumsimulia binti yake mambo aliyoyanyamazia miaka yote. Walipokuwa wanakimbia alikuwa mjamzito. Akajifungua njiani, mtoto wa kiume, kabla hawajavuka mto Malagarasi. Sasa kwao mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Husubiriwa siku zipite, ndugu wakae, pombe inywewe, ndipo jina litajwe mbele ya watu. Huyu hakufika siku hiyo. Mama alimchimbia kaburi kwa mikono chini ya kichaka, na pale pale, bila ndugu wala pombe, akampa jina yeye mwenyewe. Vénérande alikuwa amesinzia kwa uchovu, hakusikia kitu. Jina hilo mama hakulitamka tena kwa mtu yeyote, mpaka Jumapili ile alipomtamkia binti yake, mara moja tu, halafu akageukia ukutani.

Jumatatu Padri alipokwenda kula, Vénérande alibaki akapiga yote kwenye kompyuta: njia waliyopita, watu waliokufa, na jina la mtoto. Niliingia kumletea chai nikamkuta analia huku vidole vinakwenda.

"Si ungeandika kwenye karatasi mwanangu, ukae nayo nyumbani?"

"Katumba, Mama Romana? Mchwa wamekula cheti changu cha ubatizo, wakabakiza muhuri. Humu kwenye mashine mchwa hawaingii."

"Basi piga chapa."

"Utepe wa printa ni wa parokia. Haya ni mambo yangu." Ndivyo alivyokuwa.

Mama Candide alifariki masika yaliyofuata. Tangu siku hiyo Vénérande hakuweza kulifungua faili lile. Aliniambia, "Nalijua liko. Ikifika siku ya Marehemu Wote nitalifungua, nimpe Padri jina la mdogo wangu alitaje altareni. Hajawahi kutajwa popote."

Mwaka huohuo ndipo kilipokuja kitabu cha nyimbo. Mwalimu Apolinari wa kwaya ya Kasansa alikuwa amekusanya nyimbo za kanisa kwa Kipimbwe, na Askofu alitarajiwa mwezi wa tisa kukibariki kitabu. Vénérande alipiga nyimbo zile wiki nyingi, Mwalimu amekaa pembeni anamwimbia ubeti kwa ubeti, maana mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulimshinda. Padri akaongeza picha kubwa ya kanisa letu kwa ajili ya jalada. Baada ya hapo kompyuta ikaanza kugoma. Asubuhi inawaka kwa shida, taa yake ndogo inapepesa bila kutulia, na akifungua kitabu tu yanakuja maneno ya Kiingereza kwenye kioo.

Padri Melkiadi aliinama akasoma. "Inasema kumbukumbu haitoshi."

"Imechoka na nyimbo za Mwalimu," Vénérande akasema.

"Mimi?" Apolinari akadakia. "Mahubiri ya Padri yako humo tangu mwaka juzi, na yale ya Pasaka tu yanajaza lori!"

Tulicheka. Padri naye alicheka, halafu akakaa akafikiri. Yeye ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa kule Mpimbwe, na Mwalimu pia, na mimi nimeolewa huko. Sisi sote tulifikiri kwa namna moja. Kihenge kikijaa unafanyaje? Unautoa mpunga wa mwaka jana ili wa mwaka huu upate pa kukaa. Hakuna mkulima asiyejua hilo, na wala hatukumuuliza mtu.

"Tutoe vya zamani," Padri akasema. "Anza na mahubiri yangu."

Vénérande akafuta mahubiri. Kompyuta ikakataa. Akafuta mihtasari ya vikao vya halmashauri, ikakataa. Akafuta ratiba za Misa za mwaka uliopita na barua za mchango wa bati. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake anahimiza kama mtu anayeswaga ng'ombe: "Toa hilo! Na hilo lingine!" Mashine inajibu neno lilelile.

Siku ya tatu ya kuhangaika hivyo nilisikia kimya upande wa pili. Nikasimamisha cherehani. Vénérande alikuwa peke yake, mkono mmoja shavuni.

"Limebaki langu," akaniambia.

"Liache, mwanangu. Hilo ni la mama yako."

"Askofu anakuja. Watu wa Kasansa wamengoja kitabu tangu hawajawa na mvi. Mimi nimekalia nafasi ya kanisa kwa mambo ya nyumbani kwangu." Akatoa disketi moja kuukuu iliyokuja pamoja na kompyuta. "Nitalihamishia humu. Halipotei, linahama tu."

Alilihamisha, kisha akalifuta kule ndani. Akamwaga na kile kikapu cha takataka cha kwenye kioo, maana tulifikiri nacho kinakula nafasi. Akaifunga disketi kwenye leso, akaiweka ndani ya sanduku lake la bati. Kisha akafungua kitabu cha nyimbo. Kumbukumbu haitoshi.

Nilimwona alivyoinamisha kichwa. Alichukua vyeti vya ndoa vilivyokuwa vinangoja, akavipiga kwa vipande vipande mpaka jenereta likazimwa, na kesho yake akaendelea na matangazo na vyeti vingine. Kazi ndogo mashine ilikubali. Kitabu ndicho ilichokikataa.

Padri alipeleka habari Tabora kwa treni, na baada ya wiki tatu akashuka fundi, kijana mpole anaitwa Martin. Nilidhani atafungua mashine kwa bisibisi. Yeye alivuta kiti akaanza kuuliza kama mganga wa zahanati.

"Dada, inalalamika tangu inapowaka, au ukishaanza kazi?"

"Tangu inapowaka inakuwa nzito. Nikifungua kitabu ndiyo inakataa kabisa."

"Mlishawahi kuangalia nafasi ya kuhifadhia imebaki kiasi gani?"

Tukatazamana. Akabonyeza bonyeza, akamwonyesha Padri mchoro wa duara. Robo tu ilikuwa na vitu. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa tupu.

"Padri, kwenu mnalima mpunga?"

"Tunalima."

"Basi kihenge chenu hiki hapa, na hakijajaa. Kilichojaa ni turubai la kupigia mpunga. Mashine ikitaka kufanya kazi na kitu inakitoa kihengeni na kukitandaza kwenye turubai. Turubai la mashine hii ni dogo. Ukiizima, turubai linakung'utwa lote, lakini cha kihengeni kinabaki."

"Na nani amejaza turubai?" Mwalimu Apolinari akauliza. "Sisi tumetandaza kitabu kimoja tu."

Martin akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Ikaja orodha ya majina. "Hawa hapa. Wanaamka wenyewe kila mnapowasha, hamjawaita." Akatutafsiria mmoja mmoja. Mmoja kazi yake kungoja faksi.

"Faksi?" Padri akashangaa. "Hata simu hatuna."

Mwingine alikuwa kalenda ya ofisi ya huko ilikotoka kompyuta. Mwingine wa kuchezea picha. Na walinzi wawili wa kuzuia virusi, kila mmoja anamkagua mwenzake. Martin alimfunga mmoja, akajaribu kitabu, kikakataa. Akafunga wa pili, akapima, akajaribu tena. "Usiwafukuze wote kwa mpigo," alimwambia Vénérande. "Mmoja mmoja, ndipo umjue mwizi." Alipomaliza akaipunguza picha ya jalada, iliyokuwa imetandazwa kubwa kuliko turubai lenyewe, akakigawa kitabu sehemu nne, na akawaondoa wale wageni kwenye orodha ya wanaoamka asubuhi.

Kitabu kikafunguka. Mwalimu Apolinari alianza kuimba pale pale, Padri akampokea, na mimi nikapiga vigelegele. Vénérande peke yake hakuimba.

"Fundi," akasema, "vile tulivyofuta?"

"Vipi?"

"Kama tusingefuta hata kimoja."

Martin alimtazama, akaelewa kwamba swali si la mashine. "Vilikuwa havina kosa, dada. Vingekaa tu."

Vénérande akaenda kwenye sanduku lake akaileta disketi, akaifungua leso yake. Martin akaiingiza. Ikagugumia, krr, krr, kama mtu anayejaribu kumeza mwiba. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Kwenye kioo ikaandikwa haisomeki. Alijaribu kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi, vilevile.

"Hizi zikizeeka hazitoi dalili," akasema taratibu. "Zinapokea, halafu hazirudishi."

"Na humo ndani nilikofuta?"

Alijaribu muda mrefu. Alitueleza kwamba mashine haikifuti kitu siku hiyohiyo, inaondoa tu alama kwamba pale pana mwenyewe. Na ukiandika kingine, kinakalia palepale. Wiki tatu Vénérande alikuwa ameandika vyeti na matangazo. Fundi aliokota sentensi mbili za tangazo la usafi wa makaburi, na ukurasa mmoja wa mahubiri. Ya mama Candide hakuyakuta.

Aliondoka na disketi ili aijaribu Tabora. Baada ya muda akatuma salamu kwamba imeshindikana, na kwamba anasikitika.

Kitabu kilitoka. Askofu alikibariki, watu wa Kasansa waliimba kwa lugha yao mpaka wazee wakatoa machozi, na Padri alimtaja Vénérande mbele ya wote kwa shukrani. Alisimama, akainama kidogo, akakaa. Nilikuwa jirani yake kwenye benchi, nikaona vidole vyake vinagongagonga magoti kama anapiga chapa.

Siku zilizofuata alikaa akayaandika upya aliyoyakumbuka. Njia aliikumbuka, maana aliitembea mwenyewe. Waliokufa wengi aliwakumbuka. Jina la mtoto likamkatalia. Alijua linavyoanza, Ndayi, kisha giza. Na majina ya kwao yanayoanza hivyo ni mengi, yote ni sala kwa Mungu, na kila moja lina neno lake la mwisho.

"Kawaulize wazee wa Katumba," nikamwambia.

"Watajuaje? Hakutajwa kwao. Mama alimtajia nani? Mimi. Na mimi niliiambia mashine ili nisibebe." Akajifuta uso na kanga. "Ihangane, wangeniambia kwetu. Vumilia. Navumilia, Mama Romana. Ila yeye atakuwa ananiona mimi dada wa namna gani?"

Nilimwambia tu kwamba Mungu anamjua mtoto kwa jina, akasema ndiyo, anaamini hivyo. Na niliona kwamba anaamini kweli, na kwamba hilo haliponyi.

Siku ya Marehemu Wote Padri alisoma majina altareni, ya familia baada ya familia. Ikafika yake. Padri akasoma Candide, akasoma baba, shangazi, wajomba. Kisha akasita, akasema, "Na mdogo wake Vénérande." Watu wakaitika, wapumzike kwa amani. Yeye hakuitika pamoja nasi.

Kompyuta siku hizi inakwenda vizuri. Vénérande hufungua kazi moja, akiimaliza huifunga kabla ya kugusa nyingine, na kila asubuhi hubonyeza vile vitufe vitatu kutazama nani ameamka. Wakati anangoja printa imalize ukurasa, namsikia upande wa pili wa ukuta anajaribu kwa sauti ya chini: Ndayizeye. Ndayishimiye. Ndayiragije. Anasema moja, ananyamaza kidogo kama mtu aliyeita mtoto uani na kusikiliza kama ataitika, halafu anasema lingine. Nikimsikia nauondoa mguu kwenye cherehani.